Jogoo Juu ya Boneti

Tangu turudi sijapata nafasi ya kupima hata kilo moja ya mchele kwa amani. Mteja akiingia dukani kwangu hapa Mkolani, kabla hajauliza bei ya mchele anauliza bei ya ukaguzi. "Kabula, wale watu wa Kisumu wanatoza kiasi gani kukagua gari?" Ninamjibu kwamba ada yenyewe ni kama bei ya jogoo mmoja mzuri wa kienyeji, naye anacheka akidhani natania. Sitanii. Basi nimeamua kuandika safari nzima mara moja na kuituma kwenye kundi letu la wauza mchele. Anayetaka kwenda aende akijua, na anayetaka kucheka acheke huko huko kwake, aniache nihudumie wateja.

Habari za forodha, bima na vibali nitaziruka. Zilinichosha kuzitafuta na sitaki zinichoshe tena kuziandika. Anayezihitaji anajua duka lilipo.

Kwa wasiojua chanzo, shule moja ya bweni ya Kisumu ilikubali kununua mchele wangu wa Magu kila mwezi. Mpishi mkuu wao, Mama Atieno, aliuonja kwa dada yake aliyeolewa Musoma, akanipigia simu mwenyewe. Tulielewana vizuri mpaka aliponiambia sharti la shule. Gari lolote linaloingia getini kwao kushusha mzigo lazima liwe limepita kwenye kituo cha ukaguzi cha kule, liwe la mwenyeji au la mgeni, kwa sababu watoto wanapita hapo hapo linapogeuzia.

Na gari tulilonalo ni pikapu ya Baba. Wengi wenu mnamjua Mzee Masanja. Ameendesha malori ya pamba maisha yake yote, na alipostaafu akainunua pikapu hiyo, akaitunza kuliko alivyotutunza sisi. Kaka yangu Elias, aliyeko Dar es Salaam, amekuwa akitaka iuzwe. Anasema Baba amezeeka, gari limezeeka, na hawa wawili wakiendelea kuwa barabarani pamoja iko siku tutapigiwa simu mbaya. Alikuwa ameshampata na mnunuzi wa vyuma chakavu kule Nyakato.

Baba alipoona tunamsumbua akatoa kauli yake, Elias akisikiliza kwenye simu. Gari likikataliwa Kisumu, atalipeleka Nyakato mwenyewe na kukabidhi funguo kwa mkono wake. Baba akishasema, amesema. Mimi nilitaka biashara, sitaficha, lakini zaidi nilimwogopea yeye. Tangu Mama afariki, kinachomtoa kitandani asubuhi ni gari hilo.

Mkolani hadi Magu

Tulichelewa kuondoka kwa sababu ya rangi. Tulipanga kutoka alfajiri, lakini nilipotoka nje na kapu la chakula nikamkuta Baba amelala chali chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana. Alikuwa anapaka rangi nyeusi. Chasisi yote, ekseli, springi, hata bomba la moshi.

"Baba, shikamoo. Unafanya nini huko?"

"Marahaba. Tunakwenda ugenini, Kabula. Watalitazama chini."

"Ndiyo maana ya ukaguzi, walitazame."

"Sasa walikute chafu? Wewe ukienda ukweni unakwenda na miguu ina vumbi?"

Nikakaa juu ya gunia nikasubiri rangi ikauke, na mimi ni mtu ninayechukia kusubiri. Magunia ya mfano wa mchele yalikuwa machache tu, ya kumwonyesha Mama Atieno, hivyo gari lilikuwa jepesi. Nilikuwa nimefunga matobolwa, vile viazi vitamu vyetu vya kuchemshwa na kukaushwa, pamoja na karanga na chupa ya chai. Kufika Nyakato tulikuwa tumeshakula nusu.

Hapo Nyakato Baba alipunguza mwendo tulipopita karibu na uwanja wa yule mnunuzi wa vyuma. Magari yaliyokatwa yalikuwa yamerundikwa ukutani, milango huku, paa kule. Baba hakugeuza shingo. Alipiga honi moja ndefu, sijui ya salamu au ya matusi, kisha akaongeza mafuta.

Tulipita Kisesa vizuri. Karibu na Magu tukakutana na ng'ombe wanavuka barabara, kundi ambalo halikwisha, na nyuma yao mzee mmoja mwenye fimbo na koti zito. Baba akazima injini. Nikajua safari imelala.

"Mwangaluka," akasema Baba, na mzee akaitikia, wakaanza. Wote mnajua salamu za wazee wetu. Habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua, wewe ni wa kwa nani, na babu yako je. Ng'ombe walishafika upande wa pili na kuanza kula mahindi ya watu, wao bado wako kwa babu. Baba akashuka, akafungua kapu, akampa yule mzee matobolwa yaliyobaki. Yote.

"Unamfahamu?" nikamuuliza tulipoondoka.

"Sasa namfahamu."

"Na chakula chetu?"

"Mtu umemsimamisha njiani umwache mikono mitupu?"

Nikaguna. Nimeieleza habari hii kwa sababu ndiyo iliyokuja kututia matatani mbele ya safari, na mimi nilikuwa nimeketi pale pale na sikuona lolote.

Lamadi, Bunda, Tarime

Baada ya Lamadi barabara inanyooka, na upande wa kulia ni mbuga. Nyani walikaa kando ya lami wakitutazama. Baba aliendesha kwa mkono mmoja akinisimulia malori ya zamani, na mimi nikapitiwa na usingizi mpaka aliposhika breki ghafla kwa ajili ya mbuzi, nikaenda mbele, paji la uso karibu na kioo.

Nikaona kitu ambacho nilikuwa nimekiona mara nyingi bila kukifikiria. Pikapu ya Baba ikisimama, pua inazama chini na mkia unanyanyuka juu.

"Mbona inainama hivi?"

Baba akatabasamu. "Lina adabu gari hili. Likisimama lazima lipige goti."

Nikacheka kweli. Bunda tulikula samaki na ugali, na nikamsimulia mama muuza chakula habari ya gari linalopiga goti. Naye akacheka, akatuongezea mchuzi. Tarime tulinunua ndizi mbivu na maziwa mgando, na jua lilipoanza kushuka tulikuwa Sirari. Tukalala upande wetu wa mpaka ili tuvuke asubuhi tukiwa na akili timamu.

Kuvuka, na milima ya Kisii

Upande wa pili kitu cha kwanza kilichomwumiza Baba ni salamu. Kijana aliyetuuzia chai Migori alimwambia, "Niaje mzee," akamwekea kikombe. Baba alikaa akisubiri shikamoo ambayo haikuja. Wa pili akamwambia, "Habari yako mzee," akapita. Baba akaniinamia.

"Hawa watoto wamekosana na nani?"

"Hawajakosana na mtu, Baba. Huku ndivyo wanavyosalimia."

"Basi hata wakaguzi watakuwa hivi hivi?"

"Ndiyo."

Akanywa chai yake ya maziwa akiwa na mawazo. Chai ile ilikuwa nzito na tamu, na mandazi makubwa kama kiganja cha Baba. Nikala manne.

Milima ya Kisii ni mizuri, kijani kila upande, migomba na chai mpaka juu. Kupanda hakukuwa na tabu. Kushuka ndiko nilikoshika kiti. Kila kona pikapu ilipiga goti lake, na mara mbili mkia ulitaka kutupita. Kulikuwa na manyunyu. Baba alinyamaza, na Baba akinyamaza kwenye usukani ujue anafanya kazi. Tulipofika bondeni akafuta jasho, akasema lami yao inateleza.

Oyugis ilikuwa siku ya soko. Baba akaegesha bila kuniuliza, akapotea katikati ya watu, akarudi na jogoo mwekundu kwapani, mkubwa, mwenye kilemba cha kifahari na macho ya mtu anayekudai.

"Wa Mama Atieno?" nikauliza.

"Mama Atieno tuna mchele wake. Huyu ni wa mkaguzi."

Hapo ndipo ningesema neno. Nilifikiria lile koti zito la mzee wa Magu, nikaona ni Baba tu na mambo yake. Kwetu huwezi kwenda kwa mtu usiyemjua, ukamwomba akulalie chini ya gari lako achafuke, na wewe umening'iniza mikono. Nikamfungia jogoo miguu, nikamweka nyuma kwenye magunia. Aliwika mpaka Ahero.

Kituoni, mara ya kwanza

Mama Atieno alitupokea vizuri, akatupa chumba kwa ndugu yake, na asubuhi tukaenda kituoni. Ada ililipwa kwa simu. Baba hakuamini kwamba hakuna dirisha la kupokea fedha wala mtu wa kukupa stakabadhi. Tukajipanga nyuma ya malori ya mchanga na mabasi madogo ya shule, kila dereva akifuta taa za gari lake kwa leso.

Zamu yetu ilipofika akaja mkaguzi. Alikuwa binti mdogo kuliko mimi, ovaroli ya bluu, viatu vizito, tochi mkononi. Jina lake baadaye tulilijua, Achieng'.

"Habari ya asubuhi, mzee. Zima injini, fungua boneti."

Baba akashuka. Akavua kofia. Akamsalimu taratibu, akamuuliza habari za nyumbani, za wazazi, za mvua. Nyuma yetu lori likapiga honi. Kisha Baba akaenda nyuma, akarudi na jogoo, akamweka juu ya boneti kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa.

"Mama, tumetoka mbali. Hiki ni kidogo cha kukusalimia."

Yule binti akamtazama jogoo, akamtazama Baba, uso ukabadilika.

"Hii kuku ni ya nini?"

"Ni yako."

"Toa hiyo kuku hapo. Na gari pia utoe kwa laini."

"Mama, hujakagua bado."

"Na sitakagua! Mzee wa miaka yako unaleta hongo mbele ya watu wote? Toa gari!"

Nilitamani ardhi inimeze. Baba alisimama na kofia mkononi, hajui amekosa nini. Dereva wa nyuma akacheka, mwingine akatoa simu kupiga picha. Nikamchukua jogoo, nikamshika Baba mkono, tukaingia kwenye gari. Kurudi nyuma mbele ya watu wanaocheka, na jogoo mapajani anapiga mbawa, ni aibu ambayo simtakii hata anayenidai.

Nje ya geti Baba alizima gari.

"Kabula, mimi nimewahi kumhonga mtu?"

"Hujawahi, Baba."

"Nimeendesha mpaka nimestaafu, hakuna askari aliyewahi kula kitu changu." Nikaona machozi yangu yanakuja, nikageukia dirishani.

Mama Atieno alipopata habari alishika kichwa, halafu akacheka, halafu akaomba radhi kwa kucheka. "Mzee, yule msichana hata maji ya kunywa anabeba yake. Kila siku kuna mtu anajaribu kumpa kitu. Atajuaje kwamba yako ilikuwa salamu?"

Baba akafikiri sana juu ya hilo. Jioni hiyo alikula samaki wote, akatamka kwamba ni wa ziwa letu ingawa wamepikwa kwa namna nyingine, na nikajua amepona kidogo.

Kituoni, mara ya pili

Tulirudi kesho yake tukaanza nyuma kabisa ya foleni, jogoo amebaki kwa Mama Atieno. Achieng' alituona. Hakusema la jana. Baba naye alimsalimu kwa neno moja, na najua lilivyomgharimu kufupisha.

Alianza na taa, honi, vifutio vya kioo, mikanda, matairi, kizima moto. Akatuambia tubandike nyuma mistari ile ya kung'aa, nyekundu na njano, kama magari yote ya mizigo ya kule. Sawa. Kisha gari likapelekwa juu ya shimo, naye akashuka na tochi. Tukasikia sauti yake kutoka chini.

"Nani amepaka rangi huku?"

Baba akajibu kwa fahari, "Mimi mwenyewe!"

"Kwa nini?"

"Ili ukute pasafi."

Halafu tukasikia bisibisi ikikwaruza. Alikwaruza kwa muda, na kila mkwaruzo Baba alikunja uso kama unapita mgongoni kwake. Baadaye Achieng' akatoa kichwa shimoni.

"Mzee, mtu akipaka rangi chini kabla ya kuja hapa, kwetu huwa anaficha kutu au ufa. Mimi nataka kuona chuma."

"Na umeona nini?"

"Chuma kizuri. Hakuna ufa." Akazima tochi. "Lakini kuna kitu kingine."

Gari likapelekwa kwenye roli za kupimia breki, vyuma vya duara vinavyozungusha magurudumu. Magurudumu ya mbele yakakamata vizuri. Ya nyuma yakawa yanazunguka tu, Baba amekanyaga kwa nguvu zake zote, mishipa ya shingo imemsimama. Hata mimi nisiyejua kitu nilielewa. Baba alishuka, uso umekuwa wa majivu. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa funguo, akazitazama.

"Basi," akaniambia kwa sauti ndogo. "Nitazipeleka Nyakato."

Achieng' alisikia, ingawa hakuweza kujua Nyakato ni nini. Akaja karibu.

"Mzee, mimi sijakataa gari. Nimekataa breki. Njoo uone."

Akampa tochi, akamwonyesha ngazi za shimoni. Sikuamini. Baba na magoti yake yale akashuka, mkaguzi akimshika kiwiko, nami nikachungulia kutoka juu. Akamwonyesha karibu na ekseli ya nyuma kifimbo cha chuma kinachotoka kwenye breki. Kazi yake ni kuhisi mzigo. Gari likibeba, mwili unashuka, kifimbo kinasukumwa, breki za nyuma zinapata nguvu. Kifimbo cha Baba kilikuwa kimeng'olewa mahali pake na kufungwa juu kwa waya wa kufungia nondo, chini ya rangi mpya nyeusi.

"Nani alifunga hii waya?"

Baba alimulika waya. "Ni mkono wangu," akasema. "Nilipoongeza majani ya springi ili libebe zaidi, gari likainuka, kifimbo hakikufika tena. Nikakifunga."

"Basi tangu siku hiyo gari yako inadhani haijabeba kitu. Inasimama na miguu ya mbele peke yake. Mkia haikunyanyuka ukishika breki?"

Baba akainua macho akanitazama mimi, juu ya shimo. Nilikumbuka Bunda, mama muuza chakula, mchuzi wa nyongeza. Nikakumbuka kona za Kisii na yale manyunyu, tukiwa na magunia machache tu. Nikafikiria gari limejaa mchele mpaka juu, mwezi baada ya mwezi, Baba amekaa nyuma ya usukani. Sioni haya kusema niliogopa kuliko nilivyoogopa siku yoyote ya safari ile.

Kwa fundi Otieno

Mama Atieno alituelekeza kwa fundi Otieno, mtu mnene, mchangamfu, anayefanya kazi huku redio inaimba. Alisema dawa ni moja: yale majani ya nyongeza, vyuma bapa vya springi, yatoke na kifimbo kirudi mahali pake.

Sasa nisikilizeni, ninyi mnaouliza bei. Ada si kitu, na ya kurudia ukaguzi si kitu. Ile mistari ya kung'aa si kitu. Gharama yenyewe ni kwamba majani yakitoka, gari haliwezi kubeba kama zamani. Nilikuwa nimeshapiga hesabu zangu zote kwa gari lililojaa, na pale kwa Otieno nikaona faida yangu inafunguliwa kwa spana mbele ya macho yangu. Nilinuna. Nilitaka kuuliza kama hakuna njia nyingine, na mdomo ulikuwa umeshafunguka.

Baba akaniwahi. "Toa," akamwambia fundi. "Toa yote."

Akasimama pale akipokea jani moja moja, analifuta kwa kitambaa, analaza kwenye gunia. Aliyapata kwa shida alipoinunua pikapu, na hakuna aliyewahi kumwona anayasifu bila kuyapigapiga. Lilipotoka la mwisho pikapu ilishuka ikawa fupi, nikaona kama imevua viatu vya visigino.

Otieno alipomaliza alilijaribu barabarani, Baba pembeni yake, mimi nimesimama na mafundi wengine. Lilikuja kasi, breki ikashikwa, na likasimama limenyooka, pua haikuzama. Baba alishuka akicheka peke yake.

Otieno tulimlipa malipo yake. Baadaye Baba akaniagiza nikamlete jogoo. "Huyu ameshamaliza kazi na ameshalipwa," akasema, akinitazama kuhakikisha kwamba safari hii yuko sahihi. "Sasa ni asante, siyo?"

"Sasa ni asante, Baba."

Otieno alimpokea kwa mikono miwili na kelele nyingi. Mke wake akamchinja, akatupikia pale pale nyuma ya karakana na ugali mgumu wa kukata kwa kisu, na mboga chungu ya majani waliyoichemsha na maziwa. Sijui kama ni njaa au ni furaha, lakini sijala kuku wa namna ile tangu harusi yangu.

Mara ya tatu, na kurudi

Siku iliyofuata roli zilikamata magurudumu yote manne. Achieng' alishuka shimoni, akapanda, akagonga muhuri wake. Baba alisimama mbele yake na kofia mkononi, mikono mitupu, na niliona jinsi ilivyokuwa inamwasha.

"Mama," akasema, "kwetu ningekupa kitu."

"Najua, mzee. Niliambiwa." Kumbe Mama Atieno alikuwa ameshampigia simu. Akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Shuka Kisii polepole. Hiyo inanitosha."

Halafu, akiwa ameshageuka kwenda kwenye lori linalofuata, akasimama akasema, "Shikamoo, mzee." Sijui alilitoa wapi. Baba aliitikia marahaba kwa sauti ambayo uwanja mzima uliisikia.

Shuleni tulifunguliwa geti. Mama Atieno alipika mfano wangu, mkuu wa shule akaonja, tukakubaliana juu ya mzigo mdogo kuliko nilioutaka, mara mbili kwa mwezi badala ya mara moja. Nimepiga hesabu upya, na mambo yanakwenda.

Kushuka Kisii Baba alishika breki kila kona kuliko ilivyohitajika, nadhani kwa raha tu. Kule Nyakato hakupiga honi. Alisimama kabisa, akashuka, akamsalimu yule mnunuzi wa vyuma vizuri, na akamuuzia majani yale ya springi.

Elias nilimtumia picha ya cheti. Hakujibu siku nzima. Jioni akampigia Baba, nikasikia Baba akimwambia, "Na lako je, Elias? Ukishika breki pua inazama?"

Naomba mjue pia hili, kwa sababu wengine mmeanza kuja nyumbani badala ya dukani. Baba amechimba shimo uani. Amelijengea kwa matofali, ana tochi na ovaroli aliyoishonesha Kirumba, na anayetaka kupeleka gari Kisumu anapita kwake kwanza. Hatozi kitu. Juzi alikuja Mzee Lukas wa mtaa wa pili na pikapu yake, ameipaka rangi nzuri nyeusi chini, na kuku jike amemshika kwapani kwa heshima zote. Nilikuwa nimekaa kibarazani nachambua mchele. Baba akatoa kichwa shimoni, akamtazama kuku, akamtazama Lukas, rafiki yake wa tangu utoto.

"Lukas, mrudishe huyo nyumbani kwanza," akasema. "Nikishamla, breki zako zote nitaziona nzima."